SOMO LA LEO: KILICHOMO NDANI YA GOME LA MSESEWE

Ninyi wa Moshi, Marangu na Machame mwaujua msesewe. Gome lake hukaushwa, likatwangwa, likaipa mbege uchungu wake. Wengine huliita kwinini, hata hulichemsha kutibu homa. Sivyo. Kwinini hutoka katika mkwinini, mti mwingine kabisa.

Wataalamu huuita msesewe Rauvolfia caffra. Katika mizizi ya ndugu yake wa Bara Hindi ndimo ilimopatikana reserpini, mwaka 1952 huko Uswisi, dawa ya kushusha presha ya damu. Ukoo huu, basi, si wa kuchezewa. Na ndani ya chungu vitu vyote vimechanganyika. Nani ajuaye kipimo?

Vyatenganishwaje? Jaribu nyumbani. Ponda mchicha kwa spiriti kidogo, mbali na moto, kisha simamisha chaki nyeupe katika maji yale ya kijani. Spiriti itapanda, na rangi zitaachana, kijani huku, manjano kule. Kitu kinachoshikamana sana na chaki hubaki nyuma; kisichoshikamana sana hutangulia. Mrusi Mikhail Tsvet alitumia unga wa chokaa katika bomba la kioo, na mwaka 1906 akaiita kazi hiyo kromatografia.

Maji ya msesewe nayo hupitishwa bombani, matone yakikingwa chupa baada ya chupa. Mengi hayana rangi, kwa hiyo hutiwa dawa inayoyageuza rangi ya chungwa. Ndipo kila kitu hupimwa peke yake.

Chaki yenu ifunikeni. Juani kijani hupauka upesi.