Jimbo Moja, Pande Mbili za Ukuta

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha mwaka 1945, Ulaya haikupata amani kamili. Mashariki ilitawaliwa na vyama vya kikomunisti chini ya kivuli cha Umoja wa Kisovyeti. Magharibi ikashikamana na Marekani. Mwaka 1949 Ujerumani ikawa nchi mbili, na tarehe 13 Agosti 1961 mji wa Berlin ukaanza kukatwa kwa seng'enge, kisha kwa ukuta.

Ukuta huo ulipita katikati ya Jimbo Katoliki la Berlin. Kanisa Kuu la Mtakatifu Hedwig lilibaki Mashariki, na waamini wengi wakabaki Magharibi. Mwezi huohuo Alfred Bengsch aliteuliwa kuwa Askofu wao. Alikaa Mashariki, akiruhusiwa kuwatembelea waamini wa Magharibi kwa siku chache tu.

Hata hivyo, Kanisa halikuligawa jimbo hilo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano unatufundisha kwamba jimbo ni sehemu ya Taifa la Mungu iliyokabidhiwa kwa Askofu. Si mistari ya ramani tu.

Bengsch alifariki mwaka 1979, ukuta ungali umesimama. Ulipofunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, waamini hao hawakuhitaji kufanywa jimbo moja upya. Walikuwa moja kwa miaka yote 28.

Nasi tujiulize: je, sisi tunaokaribia altare moja, tutaruhusu itikadi za vyama zijenge ukuta kati ya benchi na benchi?