Fahamu: Meru ichague upepo pekee, au upepo, jua na betri?

Mwaka 2018 Kaunti ya Meru na wawekezaji walitangaza mradi wa megawati 80 wenye upepo, jua na betri pamoja. Kwa msomaji wa Kinoru, Meru, anayelipa umeme kwa tokeni, tofauti yake na mashamba ya upepo mtupu ni kubwa.

Tuanze na ukubwa wa mitambo kwenye mashamba ya upepo pekee. Shamba la Ziwa Turkana lina mitambo 365, kila mmoja kilowati 850. Shamba la Kipeto lina 60 tu, mikubwa zaidi, jumla yake megawati 100. Mitambo midogo ni rahisi kuifikisha mahali penye barabara mbaya. Mikubwa huhitaji kreni kubwa, lakini misingi ya kuchimba ni michache.

Swali gumu zaidi ni la usiku. Upepo wa Turkana huvuma sana wakati watu wamelala, na umeme usiohitajika hukosa pa kwenda, ingawa mikataba ya kununua umeme huweza kulazimisha ulipiwe. Betri huuhifadhi hadi jioni inayofuata, majiko na taa vinapowashwa. Jua nalo huongeza umeme mchana.

Betri ni ghali na huchakaa mapema kuliko minara. Hata hivyo, kwangu mimi, mseto ndio unaoifaa Meru.