Mathayo na Simoni walikula meza moja

Jumapili hii nakuomba tusafiri pamoja hadi Zombo, kata ya wakulima wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, ambayo kwa mambo ya ubunge imo katika Jimbo la Mikumi. Hata kama hujawahi kufika, huenda umepita jirani: uko ndani ya basi la Iringa au Mbeya, umeshangaa twiga na tembo kando ya barabara kuu, kisha basi likasimama Mikumi mjini abiria wakashuka kujinyoosha.

Nimeichagua Zombo kwa sababu jimbo lake limeonja pande zote mbili. Mwaka 2015 wananchi wa Mikumi walimchagua Joseph Haule, msanii tunayemfahamu zaidi kwa jina la Profesa Jay, kupitia Chadema. Mwaka 2020 kiti kikarudi CCM kupitia Dennis Londo. Maana yake ni kwamba wapo walioshangilia mwaka 2015 na kununa mwaka 2020, na wapo waliofanya kinyume chake. Watu hao wanachota maji mahali pamoja, wanapeleka watoto shule moja, na Jumapili kama ya leo wanakaa benchi moja kanisani.

Sasa jiulize nawe, popote ulipo, kama uadui wa vyama haujakugusa. Mara nyingi haujitokezi kwa mapanga. Kwanza salamu inakuwa fupi. Kisha mwenye duka aliyekuwa anakukopesha sukari mpaka mwisho wa mwezi anakwambia daftari limejaa. Kikundi cha kuweka na kukopa kinagawanyika, na hakuna anayetaja sababu, ingawa kila mmoja anaijua. Kwenye kwaya wawili waliokuwa wakishirikiana kitabu kimoja cha nyimbo sasa kila mmoja ana chake. Msiba ukitokea, watu wanaangalia bendera iliyo juu ya paa kabla ya kuamua kama watakesha au watapita tu kutoa mkono wa pole na kuondoka.

Hilo la msiba ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu katika mkoa wa Morogoro msiba una mila yake. Wasagara, Wavidunda, Wakaguru na Waluguru wanajua utani ni nini. Mtani anafika msibani anakejeli, anachekesha wafiwa, anadai hiki na kile, na huyo huyo anashika jembe kaburini. Wazee wetu hawakuubuni utani kwa ajili ya kupitisha muda. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo wajukuu wao ni watani wanaotupiana maneno na kuzikana. Waliokufa walikuwa wengi kiasi kwamba watu walihitaji njia ya kuishi tena jirani bila kulipizana kisasi. Hata mashabiki wa Simba na Yanga wanafuata mkondo huo: wanatukanana wiki nzima, kisha mmoja akiugua mwenzake anabeba machungwa hospitalini. Wazee waligeuza vita ikawa utani. Sisi tumepewa karatasi ya kura, jambo la dakika tano ndani ya kibanda, tukaigeuza vita.

Hofu ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipozunguka nchi kuuliza wananchi, karibu wanane katika kila kumi walitaka kubaki na chama kimoja. Hata hivyo tume ilishauri tufungue mlango, na mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ukaanza rasmi. Naamini tume ilishauri vema, maana walio wachache nao wana haki ya kusikika. Lakini tusiwacheke wazee waliosema hapana. Wengi waliogopa kwamba ndugu watagombana, na kwa sehemu hawakukosea.

Nenda Pemba ukaulize. Baada ya uchaguzi wa 1995, na tena baada ya ule wa 2000, wafuasi wa CCM na CUF walifika mahali pa kususiana maduka, magari ya abiria, harusi, mazishi, hata misikiti. Januari 2001 damu ikamwagika, na watu zaidi ya 2,000 wakakimbilia Kenya kwa majahazi na mashua. Miafaka ilisainiwa ikavunjika. Ilibidi tufike Novemba 5, 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokaa Ikulu ya Zanzibar wakazungumza ana kwa ana, ndipo Julai 31 mwaka uliofuata Wazanzibari wakapiga kura ya maoni na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi wa Oktoba 2010 ulipita kwa utulivu. Baadaye majeraha yalifunguka tena, tunajua, hasa baada ya matokeo ya 2015 kufutwa. Lakini miaka ile watu waliosusiana walirudi kuoleana, na hilo ni ushahidi kwamba mambo haya yanaweza kurekebishwa na binadamu wa kawaida.

Usiseme hayo ni ya Visiwani na sisi wa kanisani hayatuhusu. Januari 1, 2008, Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia ndani ya kanisa walichomewa humo humo, wengi wao wanawake na watoto. Waliochoma na waliochomwa walikuwa raia wa nchi yenye makanisa kila kona. Katika machafuko yale Kenya ilipoteza watu zaidi ya 1,100. Mwezi uliofuata Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilifanya jambo ambalo viongozi wa dini hulifanya kwa nadra: liliomba radhi hadharani, likikiri kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea upande wa kisiasa, wakakosa sauti ya kuwakemea waumini wao. Wachungaji na mapadri wanaosoma safu hii, nawaomba mlitafakari hilo kabla ya kampeni zijazo kuanza. Mgombea akikaribishwa madhabahuni na akaacha bahasha ya ujenzi, mshirika wa chama kingine aliyekaa benchi la nyuma anajisikiaje?

Tumgeukie sasa Bwana wetu. Katika Luka 6:12-16 alikesha usiku kucha akiomba, kulipokucha akachagua wanafunzi 12. Tazama majina mawili katika orodha ile. Mathayo alikuwa mtoza ushuru, mtu wa mfumo uliowanufaisha wakubwa waliokuwa chini ya Roma. Simoni anaitwa Zelote, jina lililokuja kutumika kwa Wayahudi waliokuwa tayari kushika silaha ili kuung'oa utawala huo. Kwa wakati ule hapakuwa na wawili walio mbali zaidi kisiasa. Simoni angeweza kumtazama Mathayo kama msaliti aliyenenepa kwa jasho la wenzake. Mathayo naye angemwona Simoni kama mchochezi atakayewaponza wote.

Yesu aliwaita wote wawili, akawatembeza pamoja vumbini, akawalisha mkate mmoja. Hatusomi mahali popote kwamba alimwambia mmoja ahamie kambi ya mwenzake. Mathayo aliacha kibanda chake cha ushuru, ndiyo, lakini aliitwa kumfuata Yesu. Hakuitwa kumfuata Simoni.

Na pale wanafunzi walipotaka kutumia imani kama fimbo, Bwana hakunyamaza. Katika Luka 9:51-56 kijiji cha Wasamaria kilikataa kuwapokea, na Yakobo na Yohana wakataka moto ushuke ukiteketeze. Aliyekemewa na Yesu si kijiji. Aliwageukia watu wake mwenyewe.

Hapa naomba unielewe vizuri, msomaji wangu, maana mahubiri ya amani yana mtego wake. Yako mahubiri ya amani yanayoelekezwa kwa aliyeshindwa peke yake. Anaambiwa asamehe, asahau, anyamaze, huku aliyemwonea akipewa kiti cha mbele. Nabii Amosi asingekubali. Kama kura zimechezewa, au jina la mtu limekatwa kwa hila, au kijana amepigwa kwa sababu ya fulana aliyovaa, Mkristo anapaswa kusema ni kosa hata kama aliyenufaika ni chama chake. Nathubutu kusema ni hasa kama aliyenufaika ni chama chake, kwa kuwa la wapinzani wako kulisema ni rahisi, hata ulevini watu hulisema. Anayetetea haki anaweza kuwa na hasira na bado akampelekea jirani yake uji. Uadui ni kitu kingine: unataka jirani aumie hata pale ambapo wewe hupati chochote.

Basi tufanye nini? Bwana alilijibu hilo katika Mathayo 5:23-24, na jibu lake halina mzunguko. Ukiwa umefika na sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache pale, nenda mkapatane, ndipo urudi. Angalia kwamba hakuuliza nani alianza. Huwa tunaisoma aya hiyo kwa ugomvi wa mipaka ya shamba na madeni, tukiruka ugomvi wa kampeni kana kwamba huo una kibali maalumu. Kwa mtu wa Zombo, kuacha sadaka na kwenda huenda ni kutembea hatua 200 kuvuka barabara ya vumbi na kupiga hodi kwenye nyumba ambayo hajaingia tangu matokeo yatangazwe. Akikaribishwa akae, asitaje kura. Aulize habari za mahindi, aulize habari za mtoto aliyekuwa anakohoa. Kama alimtukana kwenye mkutano wa hadhara, hilo alitaje kwa jina lake na aombe radhi. Na kama ana kundi la vijana waliolipwa elfu tano tano kwenda kuzomea, aende nao, maana wao ndio waliotumwa kurusha jiwe ambalo mwenye fedha hakutaka kulishika.

Yule mbunge wa zamani wa Mikumi, Profesa Jay, aliugua sana mwaka 2022. Amesimulia mwenyewe kwamba alilazwa Muhimbili siku 127 katika chumba cha wagonjwa mahututi. Alikuwa mtu wa upinzani, na alikuwa ameshindwa uchaguzi. Viongozi wa Chadema walikwenda kumwona na kumchangia. Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye ni Mwenyekiti wa CCM, ikabeba gharama za matibabu yake. Watu wa vyama vyote waliomba, makanisani na misikitini. Alipopona alianzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo, na figo haina kadi ya chama. Natamani huruma hiyo isingoje hadi mtu awe maarufu. Mkulima wa Zombo akizidiwa usiku wa manane na kuhitaji kufikishwa Hospitali ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi, mwenye pikipiki ya karibu anaweza kuwa ndiye aliyempigia kura mgombea mwingine.

Leo ukirudi nyumbani kutoka ibadani, fungua Matendo ya Mitume 1:13. Yesu amekwisha kupaa, hayupo tena wa kuwaamulia ugomvi, na wanafunzi wamepanda kwenye chumba cha juu kusali. Luka anaandika majina upya, moja baada ya jingine. Mathayo yumo. Simoni Zelote yumo. Miaka yote ile ya kutembea pamoja haikuwatenganisha. Katika wale 12 amekosekana mmoja tu, na tunajua aliondoka kwa vipande 30 vya fedha.