"Soon" ni lini hasa?

Mgahawani, saa saba mchana, umeagiza wali maharage na meza zote zimejaa. "Dada, chakula changu vipi?" "Kinakuja sasa hivi!" Kitakuja kweli, lakini si sasa, wala si hivi.

Tamthilia ya Shakespeare iitwayo Henry IV, sehemu ya kwanza, iliyochapwa mwaka 1598, ina mhudumu wa aina hiyo. Jina lake Francis, anauza mvinyo London. Mwana wa mfalme anamshikilia kwa maswali ya mzaha huku rafiki yake akimwita kutoka chumba cha pili, na kila akiitwa Francis hujibu "anon, anon", asiondoke. Ndiyo "nakuja, nakuja" ya siku zile.

Lakini "anon" halikuzaliwa neno la kuzuga wateja. Katika Kiingereza cha kale lilitokana na maneno mawili yenye maana ya "katika moja", na maana yake ilikuwa papo hapo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa sababu "mara moja" yetu imepita njia hiyo hiyo: hesabu imegeuka kuwa haraka.

Hata "soon" lenyewe, neno ambalo leo kila mwanafunzi hulitafsiri "karibuni", lilianza kama "sona", na "sona" ilikuwa papo hapo. "Presently" nalo lilikuwa papo hapo, likalegea hadi "baada ya kitambo kidogo". La kushangaza zaidi ni "by and by". Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Marko 6:25, binti wa Herodia anataka apewe kichwa cha Yohana "by and by". Msomaji wa leo anaweza kudhani binti hakuwa na haraka, kwamba hata kesho kutwa angeridhika. Sivyo: alikitaka hapo hapo, kabla mfalme hajabadili nia. Wasahihishaji wa Agano Jipya mwaka 1881 waliliondoa neno hilo wakaweka "forthwith", kwa kuwa "by and by" lilikwisha kuwa "baadaye baadaye".

Chanzo cha mteremko huu ni sisi wanadamu. Anayeahidi hutumia neno kubwa kuliko uwezo wake ili amtulize anayesubiri. Anayesubiri naye hujifunza kulikata thamani, kama fedha iliyoshuka. Neno likishachakaa, hutafutwa jipya: "immediately", "at once", "right away". Kwetu, nadhani, ndiyo maana "sasa" peke yake haikutosha ikabidi iongezwe "hivi", na siku hizi hata hiyo huongezewa "tu".

Afrika Kusini wamefika mbali zaidi. Huko Mwingereza mgeni akiambiwa "just now" hukaa mkao wa kula, kumbe ameambiwa "baadaye, nikipata nafasi". Akiambiwa "now now" ndipo awe na matumaini, ingawa bado si papo hapo. Matumizi hayo yana mkono wa Kiafrikaans, ambamo "netnou" huweza kuwa kitambo kidogo kilichopita au kitambo kidogo kijacho, na mnenaji hukuachia uamue mwenyewe.

Kabla hatujawacheka, tutazame "hivi karibuni" yetu. "Aliolewa hivi karibuni" na "ataolewa hivi karibuni" zote ni Kiswahili safi. Kitenzi ndicho kinachoamua. Ondoa kitenzi uone. Niliwahi kupewa na shule moja tangazo fupi la Kiingereza nilitafsiri, lenye neno "soon". Nikaandika: "Mkutano wa wazazi hivi karibuni." Siku ya pili mzazi akanisimamisha njiani: "Mwalimu, kumbe mkutano umeshapita? Mbona hatukuambiwa?" Kosa lilikuwa langu. "Soon" hutazama mbele tu. Kwa yaliyopita Kiingereza kina "recently". Sisi tunazo pande mbili katika neno moja, na mfasiri asiyeweka kitenzi huwaachia wasomaji kitendawili.

Kosa jingine, na hili nalisahihisha kila muhula, ni kuchanganya "soon" na "early". "Early" ni mapema: kuna saa iliyowekwa, nawe umeitangulia. "Soon" huhesabu kuanzia sasa. Ukiamka saa 11 alfajiri umeamka "early". Ukisema umeamka "soon", Mwingereza atabaki anakutazama.

Halafu kuna "as soon as", inayotutega kwa sababu ya sarufi yetu wenyewe. Sisi husema "nitakupigia mara atakapofika", na ile "-taka-" katikati ya kitenzi hutusukuma kuandika "as soon as he will arrive". Kiingereza hakitaki "will" mahali hapo: "as soon as he arrives" inatosha, kwani wakati ujao umeshatajwa upande wa pili wa sentensi. Nimelikuta kosa hili hata katika barua za watu wenye shahada mbili, kwa hiyo usione haya.

"I'd sooner walk" haihusu saa kabisa. Ni afadhali yetu: heri nitembee.

Visawe vingine hupangwa na mahali. "Shortly" ni ya kipaza sauti cha stesheni na ya barua ya ofisi. "In a bit" ni ya marafiki. "In due course" ni ya watawala: ukiandikiwa kwamba ombi lako litajibiwa hivyo, usikae mlangoni kumsubiri mjumbe. "Momentarily" ni hatari. Rubani Mmarekani akitangaza kwamba ndege itaruka "momentarily", ana maana karibu itaondoka. Mwingereza wa kizamani husikia kwamba itaruka kwa dakika moja kisha ishuke. "Presently" nayo huwagawa: Mwingereza husikia "punde", Mmarekani mara nyingi husikia "kwa sasa". Maneno haya mawili mimi siyatumii katika barua za kazi, nawe nakushauri uyaache.

Tangazo la shule tulilichapisha upya siku ile ile. Safari hii niliandika: "Mkutano wa wazazi utafanyika Jumamosi, saa 3 asubuhi."