Ukumbi Mji wa Kale? Uone Kwanza, Arubuni Baadaye

Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa Mombasa alitupigia akilia. Chama chao kilikuwa kimepata ukumbi Mji wa Kale, nyumba ya zamani ya ghorofa mbili: mchana mkutano wa mwaka uani, jioni viti vinapangwa upya na chakula kinaliwa juu roshani. Dalali akamwambia atume arubuni haraka, kuna wengine wanautaka. Akatuma KSh 15,000 kwa nambari ya simu. Alipoenda kuuona, mlinzi hakuwa na habari naye, na pesa zilikuwa zishatolewa.

Mvuto wa pale tunauelewa. Kuta za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, milango ya nakshi. Fort Jesus, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596 na kuingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, iko papo hapo. Nani hataki picha kama hizo? Tena ukumbi mmoja unaogeuzwa unakuepusha kulipia kumbi mbili.

Lakini nenda ukauone. Vichochoro ni vyembamba, lori la viti na mahema haliingii, kwa hivyo uliza gharama ya mikokoteni ni juu ya nani. Uliza jenereta. Misikiti iko karibu, basi panga ratiba ukifuata nyakati za swala, usije ukamkimbilia MC kumzimia maiki adhana ikianza.

Sasa pesa. Lipa kwa till au paybill ya ukumbi, si kwa nambari ya dalali, hata awe mcheshi vipi. Kabla ya malipo kukamilika jina hutokea. Likitofautiana na lililo kwenye mkataba, simama hapo hapo. Na mkataba uwepo, hata wa ukurasa mmoja: arubuni ni ngapi, mkiahirisha inarudi au hairudi, na kugeuza ukumbi jioni kunalipiwa zaidi? Hilo la mwisho watu husahau, halafu bili inawashtua usiku wakiwa na wageni.

Ukigundua umekosea, tupigie saa hiyo hiyo. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyetumiwa, tunaweza kujaribu kuzizuia. Zikishatolewa kwa wakala, ni mambo ya polisi.

Yule dada ana OB namba tayari. Mkutano waliufanya sebuleni kwake, wamebanana. Ila chakula cha Desemba ni Mji wa Kale: wamelipa arubuni juzi, kwa till, baada ya kupanda mpaka roshani wenyewe.