Breka Hailindi Mashine, Inalinda Waya

Tangu Songea iunganishwe na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, mabanda mengi ya magari huko Bombambili na Msamala yamebadilika kazi. Enzi za jenereta za dizeli ilitosha taa moja na soketi ya kuchajia simu. Siku hizi humo ndani kuna mashine ya kuchomelea, kompresa ya upepo, pengine na taa za joto za vifaranga. Gari lenyewe linalala nje.

Vyote hivyo hula kwenye waya ule ule uliovutwa kwa ajili ya taa. Fundi akiitwa kuongeza soketi, mara nyingi anaunga kwenye soketi ya zamani, analipwa, anaondoka. Soketi zimekuwa nne, lakini njia ni ile ile moja.

Tupige hesabu. Umeme wa majumbani ni volti 230. Gawanya wati kwa volti upate ampea. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Kompresa ya nguvu farasi 2 nayo iko hapo hapo ikishazunguka, ila inapowaka huruka mara kadhaa ya kiwango hicho. Mashine ndogo ya kuchomelea ya inveta, ikibanwa, inaweza kufika 25. Waya wa soketi kwa kawaida ni wa milimita za mraba 2.5, na breka yake ni ya ampea 20.

Basi breka inakata. Fundi anakuna kichwa: “Mama, hii ni ndogo, tuweke ya 32.” Kauli hiyo inanitisha kuliko shoti. Breka iko pale kulinda waya uliomo ukutani. Ukiweka ya 32 juu ya waya wa 2.5, itakaa kimya huku plastiki ya waya ikiiva ndani ya bomba, juu ya mbao za dari.

Kazi inayofaa huanzia kwenye boksi la breka la nyumba. Vuta waya mnene hadi bandani, wa milimita 6 au 10 kulingana na mzigo, wenye breka yake, kisha funga boksi dogo huko: taa njia yake, soketi njia yake, mashine ya kuchomelea njia yake peke yake. Unene una faida nyingine. Banda likiwa mita 30 kutoka nyumbani na mzigo ni ampea 20, waya wa 2.5 unapoteza karibu volti 11 njiani. Wa 6 unapoteza 4 na ushee. Jioni, umeme wa mtaa ukiwa umeshuka, volti hizo ndizo zinazoifanya kompresa ingurume bila kuzunguka. Waya ukipita ardhini, uwe wenye kinga ya chuma. Jembe halioni bomba la plastiki.

Kisha erthi, ambayo wengi huisahau kwa sababu haiwashi kitu. Huku kwetu mvua zikikatika, kiangazi kinakwenda hadi karibu Novemba. Udongo wa juu unakauka na fimbo fupi ya erthi inabaki pambo tu. Izamishwe hadi kwenye unyevu, ipimwe kwa mita wakati wa kiangazi, si masika. Ongeza na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, kwani bandani mtu hushika chuma akiwa amesimama kwenye sakafu mbichi.

Mita ya LUKU na yote yaliyo kabla yake ni mali ya TANESCO; sili isiguswe. Mzigo ukizidi uwezo wa laini yako, omba kubadilishiwa, hata fezi tatu. Fundi naye aonyeshe leseni ya EWURA kabla hajapanda ngazi. Jambo la mwisho ni la mfukoni: kundi la D1, lenye uniti za bei nafuu, ni la mteja asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Ukianza kuchomelea mageti ya majirani, utatolewa humo mapema.