Kabla Hujauza Kompyuta, Hakikisha Diski Imefutwa

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Wengi wenye kompyuta zisizoweza kubeba Windows 11 wanatafuta mnunuzi, au wanafikiria kumpa mpwa aliyejiunga na chuo. Ni jambo jema. Lakini kabla mashine haijatoka mlangoni, kuna kazi moja ambayo hufanywa nusunusu, na anayeumia mara nyingi si mwenye kompyuta bali ni mtu mwingine kabisa.

Nilijionea haya miaka michache iliyopita. Nilinunua laptopu iliyotumika, na muuzaji akanihakikishia ameifomati. Wiki chache baadaye nilifuta picha za kazi kwa bahati mbaya, nikapakua programu ya bure ya kurejesha faili. Picha zangu zilirudi. Pamoja nazo zilirudi nakala za vitambulisho vya watu nisiowajua, vyeti vya PIN ya KRA, barua za kuomba kazi, na fomu za basari zenye majina ya wanafunzi, wazazi wao na nambari za simu. Ilikuwa wazi kwamba mashine ile iliwahi kufanya kazi kwenye saiba. Wenye stakabadhi zile walilipa ili waskaniwe karatasi, wakaenda zao nyumbani.

Ilikuwaje, ilhali diski ilifomatiwa? Kompyuta huweka orodha ya mahali kila faili ilipo, mfano wa rejista ya mashamba. Unapofuta faili, hata ukimwaga pipa la taka lililo kwenye skrini, kinachoondolewa ni jina katika rejista. Shamba na mimea yake vingali pale, hadi mwingine agawiwe kipande hicho alime upya. Kufomati kwa haraka ni kuchana rejista nzima bila kugusa shamba lolote. Na kuweka Windows upya hulima sehemu ndogo tu: mfumo wenyewe huchukua takriban gigabaiti 20 au 30, hivyo kwenye diski ya gigabaiti 500 sehemu kubwa hubaki ilivyokuwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha walichogundua katika diski 158 zilizotumika walizokuwa wamenunua. Diski 129 zilikuwa zikifanya kazi, na 12 pekee ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta zaidi ya nambari 5,000 za kadi za mkopo, na habari za matibabu.

Dawa ya diski za kawaida, zile zenye sahani inayozunguka ndani, ni kuandika juu ya data ya zamani, kwa mfano kuijaza diski yote sifuri. Mafundi wengine watakwambia ni lazima irudiwe mara saba, au hata mara 35. Ushauri huo ulitokana na diski za miaka ya tisini. Kwa diski za leo, mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, unasema mara moja yatosha. Usilipie mara 35.

Kwenye Windows 11 huhitaji kununua programu. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya mfumo, kisha urejeshaji, ubofye "Reset PC". Chagua "Remove everything". Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huendelea kubofya tu hadi mwisho. Simama kwanza, fungua "Change settings", na uwashe chaguo la "Clean data". Bila hilo, umechana rejista tu. Windows 10 nayo ina chaguo hilo. Kazi hii huchukua saa kadhaa, kwa hivyo iunganishe na stima, na usiianze siku ambayo umeme unapotea kila mara. Kompyuta isiyo na Windows inaweza kusafishwa kwa programu za bure kama nwipe, inayowashwa kutoka kwenye flashi.

Diski za SSD zina tabia tofauti. Hazina sahani, huhifadhi data kwenye chipu, na zenyewe huamua ni chipu ipi iandikwe ili zisichakae upande mmoja. Ukiijaza sifuri, huenda sehemu fulani isiguswe. Tumia programu ya kampuni iliyoitengeneza diski, au amri ya kufuta iliyo kwenye mipangilio ya awali ya kompyuta. Bora zaidi, washa usimbaji fiche, kama BitLocker, tangu siku unayoanza kuitumia kompyuta. Siku ya kuuza, ufunguo ukishafutwa, kilichobaki ni vurugu za herufi zisizosomeka.

Na kompyuta iliyokufa je? Kutowaka hakumaanishi diski imekufa. Ifungue, toa diski, uisafishe kupitia kompyuta nyingine. Ikiwa diski yenyewe imeharibika, itoboe matundu kadhaa kwa drili, au uvunje chipu ikiwa ni SSD. Usiichome moto, moshi wake ni sumu. Mabaki yapeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki.

Kabla ya yote, bila shaka, nakili faili zako mahali pengine na uondoe akaunti zako. Diski ikisafishwa vizuri, hata fundi hodari hatakurudishia picha za harusi.

Kwa wenye saiba, shule, zahanati, vyama vya akiba na, ndiyo, ofisi za kaunti zenyewe, hili ni suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na asikae nazo baada ya kuisha kwa haja yake. Anayekiuka anaweza kutozwa hadi Sh5 milioni, au kwa biashara asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Kumkabidhi mwingine kazi hii hakukuondolei lawama. Benki ya Morgan Stanley ilikubali kulipa dola milioni 35 nchini Marekani mwaka 2022, baada ya kuwapa kazi ya kuondoa vifaa vyake watu wa kuhamisha mizigo wasiojua kufuta data. Baadhi ya vifaa hivyo viliishia kuuzwa mtandaoni vikiwa na taarifa za wateja. Kwa hivyo ofisi inayoandaa mnada wa vifaa na iandike nambari ya kila diski, nani aliisafisha na lini, kabla ya bei kutajwa.

Ukinunua kompyuta ukakuta stakabadhi za watu, usizifungue zaidi wala kuzituma kwa yeyote, hata kwa mzaha. Mjulishe aliyekuuzia, kisha isafishe. Ukihisi taarifa zako mwenyewe zimevuja kwa njia hii, malalamishi hupokelewa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.